Shemeji alitaka sanda ya inchi 12, tukaishia na ya 10

Kwanza tuelewane mashine yenyewe ni ipi. Ni ile ya kuweka juu ya benchi, sahani ya chuma imesimama wima mbele ya mota, imebandikwa msasa, na mbele yake kuna kimeza cha kuegemeza mbao. Mafundi wengi tunaiita sanda tu, na hilo jina lilitutia kwenye matatizo mapema maana shemeji alimpigia dada simu akiwa Kariakoo, makelele kila kona, akamwambia "mke wangu sanda nimeipata ila hela imepelea, nitumie laki moja". Dada akanyamaza kidogo alafu akauliza nani kafa.

Haya, tuingie kwenye kisa.

Shemeji ni mwalimu wa sekondari, anakaa Tabata, useremala anaufanya jioni na wikiendi kwenye chumba kilichokuwa stoo, kama mita tatu kwa tatu na ukuta mmoja umepakana na jiko. Anatengeneza vistuli vya miguu mitatu vyenye kiti cha duara cha sentimita 30, fremu za vioo na za picha, na vigari vya watoto vya mbao. Mbao zake ni mninga akipata hela, mtiki, na msonobari kwa vile vigari. Msasa wote alikuwa anapiga kwa mkono, kipande cha msasa kimezungushwa kwenye kijiti, na kilichokuwa kinamuumiza kichwa zaidi ni kona za fremu, zile za digrii 45, hazifungi. Ukiziunganisha unaona mwanga katikati, anajaza na unga wa mbao uliochanganywa na gundi, mteja akipeleka nyumbani miezi miwili tu ile kona imeshapasuka.

Akaniita. Mi nilikaa Keko kwenye fanicha miaka sita kabla sijahamia kwenye kusuka mota, yani kuzungusha upya nyaya za ndani zikiungua, kwaiyo huwa naitwa kwa yote mawili. Akaniambia "shem, nataka sanda kubwa, ya inchi 12, ukinunua kitu nunua kikubwa mara moja". Nikamuuliza kubwa ya kufanyia nini, akasema kila kitu, hata kunyoosha meza. Hapo ndo nikaona tuanzie mbali kidogo.

Sahani hainyooshi uso wa meza. Msasa unazunguka, ukiweka ubao mpana utakuchorea nusu duara kila mahali, na zile alama zinakatisha nyuzi za mbao kwahiyo ukipaka vanishi zinajitokeza zote kama ramani. Kazi ya sahani ni vichwa vya mbao pale ulipokata, kurekebisha pembe, na kuzungusha mikunjo ya nje kama kiti cha stuli au tairi la kigari. Mkunjo wa ndani haiwezi, maana yenyewe ni bapa. Uso wa meza unataka randa, au mashine ya mkanda, au ile ya kushika mkononi. Shemeji alinuna kidogo ila akakubali kwamba meza anatengeneza labda mbili kwa mwaka, fremu anatengeneza kila wiki.

Mezani tulikuwa na mashine nne, nazitaja jinsi zilivyokuja. Ya kwanza ni mtumba kutoka Japani, sahani ya inchi 12, chuma kizito, meza ya chuma cha kumimina, nzuri mpaka inatamanisha. Ya pili ni ile ya mbili kwa moja, mpya, ina mkanda juu na sahani ya inchi 6 pembeni, ndo imejaa madukani. Ya tatu inchi 8 mpya. Ya nne ya kujitengenezea, maana shemeji alikuwa na mota ya pampu ya maji iliyokaa chini ya kitanda tangu bomba la mtaa lilipoanza kutoa maji vizuri, akawaza atafute fundi amtengenezee sahani ya inchi 12 aifunge pale, mashine bure.

Nianze na ya bure maana ndo aliipenda kuliko zote. Mota za pampu nyingi za nyumbani zinazunguka kama mara 2,850 kwa dakika. Kwa umeme wetu wa 50 Hz, yani unaobadilika mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, mota ya namna hii inakuja kwa makundi mawili unayokutana nayo sana, ya nguzo mbili za sumaku ndani inayokimbia karibu na 2,850 na ya nguzo nne inayokimbia kwenye 1,400 na kitu mpaka 1,450. Sasa chukua sahani ya inchi 12, kipenyo chake ni sentimita 30 na nusu, zidisha kwa 3.14 unapata mzunguko wa karibu sentimita 96, ikizunguka mara 2,850 kwa dakika ukingo wa sahani unakimbia mita 45 kila sekunde. Mbao hapo haikwanguliwi, inaungua. Kichwa cha mninga kitakuwa cheusi na msasa utaganda utomvu hujamaliza fremu moja. Sahani hiyohiyo kwenye mota ya 1,430 ukingo unakimbia kama mita 23 kwa sekunde, na hapo ndo inaanza kuitwa kazi ya mbao. Alafu shafti ya pampu imetengenezwa kwa ajili ya kile kisahani kidogo cha kusukuma maji, sio kubeba sahani kubwa. Na fundi aliyemwona alitaka kutengeneza sahani kwa MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa na gundi! Kwa unyevu wa Dar ile MDF inavimba upande mmoja, balansi inapotea, inchi 12 inatetemeka kwa spidi ile mbele ya tumbo lako. Nikamwambia shem mimi sikai chumba kimoja na hiyo kitu.

Ya Japani ilinipa kazi zaidi maana kwa macho ndo ilikuwa bora. Muuzaji anasema "chuma hiki cha Mjapani, hakifi". Sawa, ila mimi nasoma kwanza kibati cha mota, kile kilichobandikwa ubavuni kikiwa na namba zake za umeme na spidi. Kibati kimeandikwa volti 100, 60 Hz, mizunguko 1,720. Japani wanatumia volti 100, nusu ya nchi upande wa Tokyo ni 50 Hz na upande wa Osaka ni 60, hii ilitoka huko kwenye 60. Kwahiyo cha kwanza unahitaji transfoma ya kushusha 230 kuja 100, na sio kale kadogo ka redio, mota ya wati 750 ikianza inavuta mara tano mpaka saba ya inachokula ikiwa imeshakimbia, ukiwa na transfoma ndogo itaunguruma tu haianzi. Cha pili, ambacho wauzaji hawakuambii na wengi wao hata hawajui, ni ile 60 kwenda 50. Itazunguka taratibu kidogo, toka 1,720 ishuke kama 1,430, hiyo haina shida kabisa, tena kwa mbao ni afadhali. Shida ni joto. Ukiilisha volti 100 zilezile kwenye 50 Hz chuma cha ndani kinashiba sumaku, inavuta ampea nyingi, inachemka. Ili ikae sawa unatakiwa uipe kama volti 83, yani 100 zidisha 50 gawanya kwa 60, na transfoma ya kutoa volti 83 haipo dukani, utanisumbua mimi nikusukie. Ningeweza, ila jumla yake na bei ya mashine tulikuwa tumeshapita laki tano, na bajeti yake ilikuwa laki nne na nusu. Angekuwa na karakana kubwa ningemwambia kopa ununue.

Zikabaki mbili mpya, ya inchi 6 na ya inchi 8, na hapa ndo hesabu ndogo ya fremu iliamua kila kitu.

Kwenye mashine ya sahani hutumii sahani nzima. Unatumia upande mmoja tu, ule unaoshuka, kwa sababu unaikandamiza mbao kwenye meza. Ukiweka upande unaopanda msasa unainyanyua mbao na kukurushia usoni, mwanafunzi wangu mmoja Keko ilimpiga kidevuni na akakaa siku mbili hatafuni vizuri. Kwahiyo ukinunua sahani ya inchi 6, sentimita 15, wewe una sentimita saba na nusu za kufanyia kazi, basi. Fremu za shemeji zina upana wa sentimita 6. Ukikata digrii 45 ule uso uliokatwa haubaki 6, unakuwa 6 mara 1.414, ni sentimita 8 na nusu. Haiingii! Itabidi asogeze mbao huku na huku, na ukisogeza kona inaondoka kwenye mstari, yani anarudi kulekule kwenye mwanga katikati. Shemeji anafundisha hesabu kidato cha pili, aliponiona naandika mzizi wa mbili kwenye boksi la mashine akacheka akasema hii nitaipeleka darasani.

Inchi 8 ina nusu ya sentimita 10, fremu inaingia, imebaki nafasi ya sentimita moja na nusu. Na ina uzuri mwingine ambao sio mdogo, karatasi ya msasa ya kawaida ya 23 kwa 28 unaweza kuchonga duara la inchi 8 ndani yake. Msasa wa sahani wa kununua tayari, wenye gundi nyuma, kwetu unapatikana kwa kubahatisha, ukitafuta utaambiwa njoo wiki ijayo mpaka mashine iote kutu. Inchi 5 na 6 za kunata zipo tele kwa sababu ya watu wa rangi za magari. Hicho ndo kitu cha kuuliza kabla ya kuuliza bei ya mashine, msasa wake nautoa wapi. Ila ile ya inchi 8 kibati kilisema 2,850, ukingo unakimbia mita 30 kwa sekunde, na meza yake ilikuwa ya bati lililokunjwa, nikaibonyeza kwa kidole gumba ikashuka. Nikaweka guniya, kile kipimo cha fundi cha pembe ya digrii 90, kati ya meza na sahani, nikabonyeza tena, mwanga ukafunguka chini ya guniya. Meza inayocheza kwa kidole gumba, ukiweka mti wa mninga na kuukandamiza itacheza zaidi, hata mashine iwe na nguvu ya trekta.

Tulikuwa tunaondoka kabisa. Duka la mwisho Gerezani, tumeingia kununua maji ya kunywa tu na kupata kivuli, shemeji akaona moja imefunikwa gunia nyuma. Inchi 10, wati 550, 230 volti 50 Hz, mizunguko 1,420, meza ya alumini ya kumimina yenye mbavu chini. Haikuwa na boksi, ilikuwa ya maonyesho, ndo maana ilishuka mpaka laki nne na ishirini baada ya kubishana kama nusu saa. Nusu ya sahani ni sentimita 12 na zaidi kidogo, fremu inaingia na nafasi ya kupumua. Ukingo unakimbia mita 19 kwa sekunde, haina haraka, haichomi.

Nilivyoikagua pale dukani: nikazungusha sahani kwa mkono huku nimeshika penseli imeegemea kwenye meza ncha ikigusa sahani kidogo tu, kama sahani imepinda penseli itachora upande mmoja na kuacha mwingine. Ikachora karibu pote. Nikaweka guniya, nikabonyeza meza, haikusogea. Nafasi kati ya meza na sahani ilikuwa kama milimita 2, ikizidi 3 kipande chembamba cha mbao kinaweza kuzama pale na kuvutwa na kidole chako nyuma yake. Alafu nikaomba iwashwe na izimwe, nikasikiliza inaposimama, beringi mbovu inajulikana wakati mota imekata umeme na sahani bado inateleza, inasikika kama mchanga. Hii ilikaa kimya. Kitu pekee kibaya ni kwamba mfereji wa kwenye meza wa kutelezeshea geji ya digrii, kile kipimo cha kushikilia mbao kwa pembe unayotaka, ulikuwa na upana wa ajabu, geji iliyokuja nayo inacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Nyumbani sasa. Siku ya kwanza shemeji aliichomeka kwenye ekstensheni ileile ya televisheni na feni, waya mwembamba, mita kumi, jioni ambapo mtaa mzima umewasha. Mashine ikaguna, ikaanza taratibu kama mzee anainuka kwenye mkeka. Nikapima nikakuta volti 180 kwenye soketi ya ekstensheni. Mota ya namna hii nguvu yake inashuka kwa mraba wa volti, 180 gawanya 230 ni karibu 0.78, mraba wake 0.61, yani umenunua mashine ukaacha karibu asilimia 40 ya nguvu kwenye waya na kwenye mtaa, na ukiilazimisha hivo inachemka. Tukavuta waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye meni swichi, na ardhi ikafungwa vizuri maana kile chumba kina sakafu yenye unyevu. Jioni bado inashuka mpaka 205 hivi, inavumilika. Umeme haumalizi, hata ikila wati 550 kamili nusu saa kwa siku ni robo yuniti na kitu, dada alikuwa anaogopa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, bure.

Msasa alipata roli la kitambaa lenye upana wa sentimita 30, namba 80 (namba ikiwa ndogo chembe zake ni kubwa zaidi). Duara la inchi 10 ni sentimita 25 na nusu hivi, linaingia, inchi 12 ni 30 na nusu, lisingeingia kwa nusu sentimita tu! Kwa hilo peke yake ile ya Japani ingetulaza macho. Anabandika kwa gundi ya viatu. La kwanza alipaka gundi kwa haraka ikaacha kinundu katikati, mashine ikawa inagonga tap tap tap kila mzunguko, tukalitoa kwa kulipasha joto na mashine ya kukaushia nywele ya dada, ikalegea ikavulika. La pili alipaka nyembamba pande zote mbili, akasubiri ikauke mpaka haishiki kidole, ndo akabandika. Namba 80 inatosha kwa fremu, namba 120 kwenye sahani inaganda haraka hasa kwa msonobari, ule utomvu wake unaziba msasa, ukipita na soli ya kandambili ya zamani huku sahani inazunguka inaondoka.

Vumbi ndo ilikuwa ugomvi. Dada aliweka sharti moja, vumbi likionekana kwenye jiko mashine inarudi dukani, na sikumlaumu. Vumbi la mbao IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya WHO, ililiweka tangu 1995 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu kwa uhakika, hasa ya pua, na mninga ukikaa nao bila barakoa pua inawasha mpaka machozi. Mashine ina tundu la vumbi chini ya meza. Tulianza na vakyumu ya nyumba, ile mashine ya kunyonya vumbi, moja kwa moja, ikaziba ndani ya dakika kumi. Tukaweka ndoo ya lita 20 katikati, mfuniko una matundu mawili, bomba la kutoka mashine linaingia kwa pembeni ili hewa izunguke, vumbi zito linaanguka kwenye ndoo na vakyumu inapata lile jepesi tu. Inakamata nyingi, sio yote, kwahiyo barakoa ya N95 ni lazima na dirisha la nje linafunguliwa, la jikoni linafungwa. Na chuma ni marufuku kwenye ile mashine. Mtoto wa jirani alikuja kuomba anoe kisu, shemeji alishakubali nikamzuia, cheche moja ikiingia kwenye ile ndoo ya unga wa mbao inaweza kukaa inafuka ndani kwa ndani mpaka usiku, na ukuta wa pili kuna mtungi wa gesi.

Fremu ya kwanza bado ilionyesha mwanga! Alinipigia saa nne usiku, sauti imekwisha. Nilivyofika kesho yake nikakuta ameamini ile namba 45 iliyochorwa kwenye geji, na geji yenyewe ndo ile inayocheza. Tukaachana nayo. Tukachukua kipande cha plaiwudi tukakibana kwenye meza kwa klempu mbili, juu yake tukafunga vijiti viwili vya mtiki, kimoja digrii 45 kwa kushoto na kingine kwa kulia, na cha muhimu havikupimwa kwa namba, vilipimwa kwa guniya vikiwa pamoja viwe digrii 90 kati yao. Hata kimoja kikiwa 44 na nusu, kingine ni 45 na nusu, ukipiga upande mmoja wa kona kwa hiki na mwingine kwa kile vinajumlishana vinafunga. Kulia kwake upande wa sahani unapanda, kwahiyo tulisogeza plaiwudi yote kushoto, vijiti vyote viwili viangalie upande unaoshuka. Fremu ya pili ilifunga bila gundi, aliishika kwa vidole akaiinua kwenye mwanga akaizungusha zungusha pale kama anakagua noti ya elfu kumi.

Ile mota ya pampu bado iko chini ya kitanda. Juzi nimemkuta ameitoa anaifuta, nikamuuliza shem vipi tena, akasema usiogope, nataka kuifungia feni ya kutoa vumbi. Nikamwambia nioneshe kwanza kibati.